Kundi la Mwisho Kuitwa

Katika soko la Ekerenyo, kati ya duka la mbolea na kibanda cha fundi viatu, kuna mlango wa kijani usio na bango. Bango lilichukuliwa na upepo miaka saba iliyopita, na mwenyewe hakuona haja ya kulirudisha. Kila mtu anajua kwamba hapo ni kwa Damaris Nyamoita, mpiga picha. Ukitaka picha ya kitambulisho utaingia hapo. Ukifiwa utaingia hapo pia, mara nyingi hata kabla hujafika kwa seremala wa majeneza.

Kazi yake kubwa ni mazishi, na ameifanya kwa miaka ishirini na miwili. Alijifunza kazi huko Nyakoe, katika studio ya mzee mmoja aitwaye Walter, ambaye kwa mwaka mzima hakumruhusu kugusa kamera. Kwanza alimfundisha kubeba stendi bila kugonga watu, kisha kusimama kimya, kisha kuuliza majina. Walter aliamini kwamba mtu usiyemjua jina hutoka kwenye picha akiwa kivuli. Damaris aliamini hivyo pia, na mpaka leo anaweza kukutajia waliosimama mstari wa nyuma katika mazishi ya mwaka wa elfu mbili na sita.

Ana utaratibu wake. Wasifu ukishasomwa, kabla jeneza halijainuliwa, mfawidhi humpa kipaza sauti. Damaris huita watu kundi kwa kundi, kwa sauti ya chini ambayo hata hivyo hufika mpaka kwenye migomba. Mjane na watoto. Wakaza-mwana. Wajukuu. Wakwe. Wajomba. Akina mama wa Dorkasi, chama cha kanisani, na vitambaa vyao. Kila kundi husimama kulizunguka jeneza, hupigwa picha, hutoka. Mwisho kabisa huita majirani. Hao huja wa mwisho kwa sababu ndio waliochimba kaburi tangu alfajiri, na buti zao huwa bado nyekundu kwa udongo. Wengine hupepesa macho kama watu waliotoka pangoni.

Hakuna anayeachwa. Katika vilima hivi, jirani asiyefika kwenye mazishi huulizwa alikuwa wapi. Na jirani aliyefika asiitwe kwenye picha ameambiwa, bila neno lolote kusemwa, kwamba mkono wake umo katika kile kifo. Damaris analijua hilo kama anavyojua njia ya kwenda kisimani, na ndiyo sababu kosa alilolifanya lilimuuma kuliko kosa jingine lolote maishani mwake.

Kosa lenyewe lilianzia mahali panapoitwa Pale.

Pale hapana jina jingine. Ukipita kituo cha kununulia chai ukashuka bonde, utaona mwamba mrefu uliotoa paji la uso, na chini yake kijishimo cha nyasi chenye upana wa nyumba mbili. Pembeni pote ni chai, imekatwa sawasawa kama nywele za mtoto wa shule. Ndani ya kijishimo hakuna hata mche mmoja. Mwaka wa 1908, kikosi cha Mwingereza kilipokuja kuwaadhibu Abagusii, watu wa vilima hivi, kwa moto na bunduki, watu kumi na mmoja wa bonde hili walijificha chini ya mwamba huo pamoja na mbuzi wao. Wakaonekana. Vitabu vya historia vina kurasa kadhaa kuhusu msafara ule, lakini kuhusu Pale havina hata mstari. Watu wa huku wanajua, ila hawasimulii. Mtoto akiuliza kwa nini ng'ombe hachungwi pale, huambiwa tu, "Pale hapachungwi."

Damaris alikuwa amepita hapo maisha yake yote. Alianza kupapiga picha kwa bahati tu. Asubuhi moja ya ukungu, akirudi kutoka mazishi, alisimama kando ya njia, akafungua stendi, akaacha kamera ya video ikichukua kwa dakika nne bila kuisogeza. Hakujua kwa nini. Akarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata. Mvua ikinyesha, jua likichomoza, wachuma chai wakipita juu ya mwamba na vikapu mgongoni. Alipokuwa hana wateja aliiweka ile video kwenye televisheni ya studio, akaitazama kama mtu anayetazama sufuria iliyo motoni.

Wateja walimcheka. Mwendesha boda mmoja, Eric, alikaa akisubiri picha zake za leseni, akakazia macho ile skrini kwa muda, kisha akamwita mumewe Damaris, Job Osoro, ambaye huchomelea milango na madirisha nyuma ya studio.

"Mzee wa vyuma, njoo umsaidie mama. Video yake imeganda."

"Haijaganda," Job alijibu bila kuinua kofia ya kuchomelea. "Ngoja kidogo, utaona ndege."

Eric akangoja. Ndege akapita. Akacheka sana, lakini hakuondoka mpaka dakika nne zilipokwisha.

Aliyeitazama kwa macho mengine alikuwa Valentine, mwalimu wa sanaa katika chuo kimoja mjini Kisii, aliyeingia studio siku moja kutengenezewa picha ya mazishi ya shangazi yake. Alitazama mara mbili, mwanzo hadi mwisho, bila kuuliza chochote. Kisha akatoa simu, akamwonyesha Damaris kazi za wapiga picha wa nchi nyingine, watu wanaokwenda mahali palipouawa watu zamani na kupiga picha ya nyasi zilizoota baadaye, ya ukuta, ya chumba kitupu chenye dirisha. Damaris alizitazama moja moja, akizikuza kwa vidole viwili. Alitaka kujua kama wapiga picha hao waliwauliza wenyeji majina ya waliokufa. Valentine alisema wengine waliuliza, wengine hajui. Damaris akarudisha simu, akasema zile picha ni nzuri, lakini ni kama mazishi ambayo mpiga picha alifika watu wakiwa wameshakwenda nyumbani.

Ndipo lilipomjia wazo lake. Wale kumi na mmoja hawakuwahi kupigwa picha ya mazishi. Katika kila sebule ya vilima hivi kuna picha hiyo, jeneza katikati na watu wake wamelizunguka, imetundikwa juu ya kochi karibu na kalenda ya kiwanda cha chai. Wale hawana. Yeye angewapigia. Angewaita wazao wao kundi kwa kundi mpaka Pale, wasimame kuzunguka nafasi tupu, kamera ya video ikichukua kimya, na majina yasemwe.

Majina yote alikuwa nayo mtu mmoja tu. Bibi Nyanchera ana miaka tisini na kitu, mwili umebaki mwepesi kama ganda la mahindi. Nyanya yake mzaa mama alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu mwaka ule; alitumwa maji asubuhi, na aliporudi hakuwa na watu. Baadaye alimchukua Nyanchera, akiwa mtoto, akamsimamisha Pale, akamtajia mmoja mmoja. Basi Nyanchera naye alishikilia kwamba hawezi kuwataja akiwa kitandani. Damaris alimsihi ayataje pale nyumbani, kwa usalama tu, wakayaandika. Bibi alikataa. Alisema ameshajaribu usiku mwingi akiwa peke yake, na nyumbani yanakuja manne, mara matano, kisha yanakimbia. Akisimama pale yatakuja.

Tangu siku hiyo Damaris alihesabu kila kikohozi cha yule bibi. Aliwahi kuchelewa msiba mmoja, na mwenye kuchelewa msiba harudishi jeneza nje ya kaburi.

Shamba linalozunguka Pale ni la mzee Abner Ratemo, mzee wa kanisa la Sabato, mtu mrefu mwenye suti moja ya kijivu na maneno machache. Ili ufike Pale ni lazima upite lango lake. Damaris alimwendea, akamweleza, na Ratemo akamsikiliza huku akimalizia uji wake. Akasema wapite tu, ila wasikanyage chai changa. Hakuuliza zaidi. Damaris aliondoka akiwa mwepesi.

Sabato iliyofuata alimpa karani wa kanisa karatasi ili isomwe pamoja na matangazo ya mazishi. Aliiandika kwa maneno ya Valentine, ambaye alikuwa amemwambia kwamba kazi kama hii inahusu wazao wa waliouawa. Karatasi ikasomwa: familia zifuatazo zifike Jumapili ya pili ya mwezi, Pale, kwa picha ya ukumbusho wa wapendwa wao. Zikatajwa familia nne. Karani akakunja karatasi. Kanisa zima likamtazama mtu mmoja bila kugeuza shingo.

Ratemo alikuwa ameketi kiti cha mbele, cha wazee wa kanisa, shamba lake limetangazwa na jina lake halimo. Na hakukuwa na mtu mzima humo ndani asiyejua kwa nini lingeweza kuachwa. Babu yake Ratemo, aitwaye Ombui, ndiye aliyewaonyesha askari njia ya kwenda mwambani. Hilo nalo lilikuwa halisemwi. Likawa limesemwa sasa, kanisani, kwenye matangazo.

Damaris alilitambua kosa kabla karani hajarudi kwenye kiti. Kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi hata siku moja kufunga orodha bila kuita majirani. Siku aliyojiona anafanya sanaa, akasahau kwamba anazika.

Jumatatu, lango la Ratemo lilikuwa na mnyororo na kufuli.

Job alimshauri angoje wiki mbili, hasira ipoe. Valentine alipiga simu akasema maonyesho ya picha aliyokuwa akimwandalia mjini yanaweza kusogezwa, au watumie zile video za zamani zisizo na watu. Wote walimpenda na wote walikuwa wakimpa njia ya kuondoka. Damaris alisema kufuli la Ratemo linaweza kungoja mwaka, kifua cha Nyanchera hakiwezi. Na hata bila Nyanchera, alisema, yeye amemshtaki mtu mbele ya kanisa, na mtu huyo ni jirani.

Alikwenda asubuhi ya Jumatano, lango likiwa limefunguliwa wachumaji waingie. Ratemo alikuwa katikati ya shamba, kikapu mgongoni, akichuma pamoja na wafanyakazi wake. Alimwona akija, akaendelea kuchuma. Damaris hakumngoja. Alichukua kikapu kilichokuwa kimeachwa pembeni, akaingia mstari wa pili, akachuma. Majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi. Walikwenda hivyo mpaka mwisho wa mstari, wakageuka, wakaanza mwingine. Wachumaji wengine waliwaachia nafasi kubwa. Jua lilikuwa limeshapasha joto mgongo wa mwamba ndipo Ratemo aliposema, bado mikono yake inakwenda:

"Umenitangaza."

"Nimekutangaza, Omogaka, mzee wangu. Nisamehe."

"Ulisahau?"

Hapo angeweza kusema ndiyo, na pengine mlango ungefunguka. Alichuma kichipukizi kimoja, akakitupa kikapuni.

"Sijui kama nilisahau au mkono wangu ulikwepa."

Ratemo akamtazama kwa mara ya kwanza. Alisema baba yake alimwachia shamba hili na sharti moja, kwamba kile kijishimo kisipandwe kitu. Hakumweleza sababu. Yeye ameishi miaka sabini akidhani ni aibu iliyokatazwa kulimwa. Majirani wanapanda mpaka ukingoni mwa barabara, yeye anaacha ardhi nzuri imelala, na kila anayepita anaona kidonda kilipo.

"Sasa niambie," akasema. "Hata ukitaka kuniita. Utaniita kama nani? Mimi si mtoto wao. Si mjukuu, si mkwe. Utashika kipaza sauti chako useme nini?"

Damaris hakubuni jibu la kumpoza. Alisema hajui.

"Basi ukijua uje," Ratemo alisema. "Ufunguo ninao."

Kikapu chake Damaris alikimimina kwenye gunia la Ratemo, akaenda zake. Njiani alijaribu makundi yote aliyowahi kuyaita. Yalikuwa mengi, na yote yalikuwa na sura za watu. Hakuna aliloliona linamfaa yule mzee.

Alipofika kwa Nyanchera, bibi alikuwa ameketi mlangoni kwenye kiti cha plastiki, blanketi mabegani, akipepeta wimbi kwa mikono iliyokuwa ikiijua kazi kuliko macho. Damaris alimweleza yote, tangazo, mnyororo, swali. Bibi aliendelea kupepeta. Kisha akauliza jambo ambalo kila mtu katika vilima hivi huliuliza kwanza anaposikia msiba, na ambalo Damaris, katika miezi yote ile ya kamera na ukungu, hakuwahi kuliuliza.

"Na nani alichimba?"

Damaris akasema hajui. Alidhani hawakuzikwa.

Nyanchera akaweka ungo chini. Nyanya yake, alisema, alijificha kwenye matete ya mto siku tatu. Siku ya nne njaa ikamtoa. Akaja Pale akitegemea kukuta yale ambayo msichana hatakiwi kuyakuta, na akakuta udongo. Wamefunikwa wote. Ombui alikuwa pale peke yake, bado anaongeza udongo kwa kikapu kilichotoboka, mikono imevimba, na shingoni ana alama ya kamba pande zote kama ya fahali.

"Kumbe hakuonyesha njia, Magokoro, bibi yangu?"

"Alionyesha. Kamba ilikuwa shingoni, lakini alionyesha. Kisha akarudi akachimba. Usichukue moja ukaacha jingine."

"Nyanya yako alimsamehe?"

"Hakuniambia hivyo. Aliniambia alimkuta anachimba." Akachukua ungo wake tena. "Hawakusemezana mpaka kufa, na kila msimu Ombui alimpelekea wimbi. Alikuwa akiliacha nje."

Damaris alirudi kwa Ratemo jioni hiyohiyo. Hakuingia ndani, alisimama upande wake wa lango na Ratemo upande wake, mnyororo katikati, akamweleza alichokisikia, bila kupunguza njia wala kuongeza udongo. Yule mzee alisikiliza akiwa ameshika chuma cha lango. Alipomaliza kusikia, aliuliza tu kama ni kweli kile kikapu kilikuwa kimetoboka. Damaris alisema ndivyo alivyoambiwa. Ratemo akageuka, akatazama kile kijishimo cha nyasi katikati ya chai yake. Kisha akaenda nyumbani. Hakuaga.

Jumapili ya pili ya mwezi, lango lilikuwa wazi na mnyororo umelala kwenye nyasi.

Watu walifika wamevaa kama wanavyovaa mazishini. Hakuna aliyewaambia. Akina baba na makoti, akina mama na vitambaa vya kichwani, vijana na viatu vilivyosuguliwa halafu vikaharibiwa na umande. Nyanchera alibebwa kwenye kiti chake na wajukuu wanne na kuwekwa mahali mwamba unapozuia upepo. Ukungu ulikuwa bado haujaamua kuondoka. Damaris alipanga kamera mbili, ya picha na ya video, akapima kwa hatua nafasi ya katikati ambayo hakuna mtu angesimama. Valentine, aliyekuja kutoka mjini, alimuuliza kama aweke jiwe au maua pale ili jicho lipate kitu cha kushika. Damaris akasema jicho litashika watu wanaotazama.

Hakuwa na kipaza sauti. Aliita kwa sauti yake ileile ya chini. Familia ya kwanza ikaja, ikasimama nusu duara. Mwanzoni hawakujua watazame wapi, maana mazishini huambiwa watazame kamera. Damaris hakuwaambia kitu. Mmoja akatazama chini, kwenye ile nafasi, na wengine wakafuata. Ndipo akabonyeza. Ikaja ya pili, na ya kwanza haikutoka, ilijisogeza tu pembeni. Ya tatu. Mtoto mmoja mdogo aliuliza jeneza liko wapi, na mama yake akamshika mkono. Ya nne ilikuwa ya akina Nyanchera, ikasimama nyuma ya kiti cha bibi.

Watu walijua kuna nafasi moja imebaki, na kila mmoja alikuwa ameshaona kwamba kule juu, kwenye ukingo wa chai, Ratemo amesimama na suti yake ya kijivu, mke wake nyuma yake, na nyuma zaidi watoto na wajukuu, kama watu waliokuja kutazama mto uliofurika.

Damaris alinyoosha mgongo.

"Majirani," akaita.

Ratemo alishuka polepole, akifuata mfereji ili asikanyage chai, na watu wake wakamfuata mmoja mmoja. Alipofika chini, familia nne zilikuwa bado zimeziba duara. Hawakumzuia, hawakumpisha. Mabega yalikuwa yamekaribiana tu. Damaris angeweza kuwaambia wasogee, ilikuwa kazi yake kuwaambia, lakini alijua kwamba si yeye mwenye msiba.

Nyanchera ndiye aliyesema, kwa sauti kavu ya mtu anayekemea watoto mlangoni.

"Sogeeni. Waliochimba wanapita."

Mabega yakafunguka. Ratemo akaingia, akasimama mahali pa mwisho upande wa kushoto, hapo ambapo majirani husimama sikuzote, na wajukuu zake wakajipanga mbele yake bila kuambiwa. Akavua kofia. Damaris akapiga picha moja tu. Kisha akaiacha video iendelee, akarudi nyuma hatua tatu, akaweka mikono yake mgongoni, kama Walter alivyomfundisha alipokuwa bado haruhusiwi kugusa kitu.

Nyanchera akataja majina. Yalikuja. Aliyataja taratibu, kila moja na nyumba yake na jambo moja alilojulikana kwalo, huyu mfugaji wa nyuki, huyu aliyekuwa na sauti ya kuitia ng'ombe, huyu aliyekuwa ameolewa mwezi mmoja tu kabla. Yalifika kumi. Hapo akakoma, na Damaris akadhani la kumi na moja limekimbia.

"Na mtoto," bibi akasema. "Alikuwa hajapewa jina. Nyanya yangu aliniambia nikifika kwake nitulie tu."

Wakatulia wote. Ukungu ulikuwa ukipanda mwamba. Katika ile video sehemu hiyo ni ya dakika moja na sekunde arobaini, na hakuna aliyekohoa.

Maonyesho yalifanyika mjini Kisii mwezi uliofuata, katika ukumbi ambao kwa kawaida hukodishwa kwa harusi. Job alitengeneza fremu za chuma kwa mikono yake. Zilitundikwa picha tano, na kwenye ukuta wa mbele ikaonyeshwa video. Watu wa bonde walikodi gari wakaja na nguo zilezile. Watu wa mjini waliingia wakizungumza, wakafika mbele ya ile skrini, sauti zikapungua zenyewe. Eric wa boda alikuja pia. Kijana mmoja aliyesimama karibu naye alinong'ona kwamba video imeganda, na Eric akamwambia anyamaze, angoje.

Waandishi wawili walimuuliza Damaris kama yeye sasa ni msanii. Alisema yeye hupiga picha za mazishi, na hii ilikuwa ya mazishi yaliyochelewa.

Nyanchera alifariki mwezi wa saba, wakati wa baridi, majina yakiwa yameshahifadhiwa. Waliochimba kaburi lake tangu alfajiri walikuwa wajukuu wa Ratemo. Damaris aliwaita mwisho, na wakaja na udongo kwenye buti.

Kila anayepigwa picha na Damaris hupata nakala yake, na nyuma ya nakala yeye huandika kwa kalamu tarehe, mahali, na kundi. Ile ya Ratemo aliipeleka mwenyewe. Mzee aliigeuza kwanza asome nyuma kabla ya kutazama mbele. Palikuwa pameandikwa: Pale. Majirani. Akamwomba kalamu, akaongeza chini yake, kwa mwandiko wake wa shule ya misheni, jina la Ombui.

Imetundikwa sebuleni kwake, juu ya kochi lenye vitambaa vyeupe, karibu na kalenda ya kiwanda. Wageni huitazama, maana ni picha ya ajabu kidogo. Watu wengi, nguo nzuri, nyuso za msiba, na katikati hakuna kitu ila nyasi. Sikuzote kuna mmoja anayeuliza ni mazishi ya nani, na mbona jeneza halionekani. Zamani Ratemo angelijibu swali kama hilo kwa kutazama dirishani. Siku hizi humwita mkewe alete chai, na humsogezea mgeni kiti.

"Keti kwanza," humwambia. "Ni habari ndefu, na inaanza na babu yangu."